Breki za waya au za mafuta? Kabla hujatoa elfu tisa, soma hapa

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nateremka ndani ya Kiamunyi kuelekea lami ya Kabarak. Mtoto akatoka kwa geti akikimbiza mpira. Nikakamata breki zote mbili kwa nguvu. Baiskeli ikapunguza mwendo polepole, kana kwamba inafikiria kwanza. Niliposimama, mpira ulikuwa chini ya gurudumu la mbele na mtoto alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Mamake aliniangalia tu, hakusema kitu. Heri angenitukana.

Siku hiyo niliamua: breki mpya, na ziwe zile za mafuta. Nikaulizia bei mjini, nikatajiwa Sh8,500 mbele na nyuma, pamoja na kufungiwa. Kwenye simu nilikuwa na Sh9,000. Shida ni kwamba pesa hizo zilikuwa na kazi nyingine. Nilipoacha chuo mwaka wa pili niliacha pia salio la karo, na nisipolilipa sipati karatasi ya matokeo yangu. Nimeweka pesa hiyo mia mia, mia mbili, karibu mwaka mzima.

Kwa hivyo swali halikuwa tu breki gani ni kali. Swali lilikuwa: je, breki nilizo nazo zimeshindwa kazi, ama ni mimi nimezishinda?

Tuelewane kidogo. Breki za diski ziko za aina mbili. Za waya hufanya kazi kama zile za zamani: unavuta mkono, waya unavuta kalipa, pedi zinabana sahani ya chuma pale katikati ya gurudumu. Za mafuta hazina waya. Unasukuma mafuta ndani ya mpira uliofungwa, nayo yanasukuma pistoni pande zote mbili. Ndiyo maana kidole kimoja kinatosha, na pedi zikiisha kidogo kidogo, breki inajirekebisha yenyewe. Hata vumbi haliingii kirahisi.

Na vumbi tunalijua. Husemwa jina Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Kiangazi huku kwetu hauhitaji kuelezwa.

Kabla ya kutoa pesa nilipitia kwa mzee mmoja anayetengeneza baiskeli mtaani. Nikamwambia, "Fundi, hizi breki zimekufa, nataka za mafuta."

Akazungusha gurudumu, akagusa sahani kwa kidole, akakinusa. "Kijana, mnyororo wako unapaka mafuta na nini?"

"Ya kopo, ya kupuliza."

"Basi umepuliza hadi breki. Hata ukileta mpya, wiki ijayo utarudi hapa."

Hapo nilinyamaza. Mimi ndiye nilikuwa nimeua breki zangu. Pedi ikishanywa mafuta haibani tena, inateleza na kupiga kelele. Isitoshe, waya ulikuwa umejaa mchanga ndani ya ganda lake. Ukitaka kupima yako, vuta mkono wa breki kisha uachilie. Ukirudi kwa uvivu, waya ndio mgonjwa.

Kulikuwa na kosa la tatu. Breki nyingi za waya za bei ya chini husukuma pedi moja tu, ile nyingine imetulia. Kadiri zinavyoisha, lazima uisogeze ile iliyotulia kwa ufunguo mdogo wa pembe sita. Mimi sikuwahi kuigusa tangu ninunue baiskeli hiyo ya mtumba.

Fundi alibadilisha waya na maganda yake, akaweka pedi mpya, akaosha sahani kwa maji moto na sabuni, akasuuza vizuri. Jumla Sh1,900. Halafu akanipa kazi: nikimbie, nipunguze mwendo bila kusimama kabisa, nirudie kama mara ishirini, ili pedi zizoeane na sahani. Wengi huruka hatua hii halafu wanalalamika kwamba pedi ni feki.

Jioni nilirudi kwenye mteremko ule ule. Baiskeli ilisimama. Sisemi kama gari, lakini ilisimama pale nilipotaka.

Je, breki za mafuta ni za kujionyesha tu? La. Ukiteremka mara kwa mara kutoka ukingo wa Menengai, vidole vitauma na waya utakuchosha. Ukibeba mizigo kila siku, hesabu pia inabadilika. Lakini jiulize kwanza ni nani mtaani kwako anaweza kutoa hewa kwenye hizo breki. Shimano hutumia mafuta ya madini, breki nyingi za SRAM hutumia ya DOT. Ukichanganya, raba za ndani zinaharibika na breki imekwisha.

Kuna pia njia ya katikati. Sahani ya milimita 160 ukiibadilisha kwa ya 180, nguvu ya kusimamisha inaongezeka kama asilimia 12 kwa mkono ule ule. Hakikisha tu uma wa mbele unairuhusu, na ununue kishikio cha kusogeza kalipa.

Na usidanganywe kwamba bila kifaa kipya huwezi kitu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufunzwa na David Kinjah, alishinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017 kwa breki za kubana rimu. Mwaka wa 2021, akiwa tayari anatumia diski, alisema hadharani kwamba hazijamridhisha kabisa.

Ushauri wangu ni huu: badilisha pedi, waya na marekebisho kwanza. Endesha wiki mbili. Kama bado unaogopa mteremko, basi nunua za mafuta bila kujilaumu, maana mwili hauna spea.

Mimi nimebaki na Sh7,100, na salio la karo bado linaningoja. Mnyororo sasa napaka mafuta ya matone, kwa kitambaa. Na nikifika kwa lile geti, napunguza mwendo mapema, hata kama breki ziko sawa.