Chupa 12 za vidonge na maumivu ya miguu

Watu 60 walioingia katika utafiti mmoja wa chuo cha Imperial, London, walikuwa na kisa kimoja. Kila mmoja aliwahi kuandikiwa statini, yaani dawa ya kushusha kolesteroli, akaanza kuimeza, na ndani ya wiki mbili mwili ukaikataa. Akaacha.

Wagonjwa wa namna hii wapo kila kliniki ya moyo, iwe London au Dar es Salaam. “Dokta, ile dawa ya mafuta imenimaliza miguu.” Mara nyingine hata hilo halisemwi: vidonge vinabaki kabatini, na mgonjwa akiulizwa kama anameza anaitikia kwa kichwa tu.

Watafiti hawakubishana nao. Waliwapa kila mmoja chupa 12, moja kwa kila mwezi wa mwaka. Nne zilikuwa na atorvastatin, mojawapo ya statini, ya miligramu 20. Nne zilikuwa na vidonge vilivyofanana nayo kabisa, lakini visivyo na dawa yoyote ndani. Nne zilikuwa tupu. Mpangilio wa miezi ulivurugwa makusudi, hivyo mtu aliyekuwa anameza hakuweza kujua anameza kipi. Kila siku alijipima kwenye simu yake: leo ninaumwa kiasi gani, kuanzia 0 hadi 100.

Matokeo yalitoka mwaka 2020. Miezi ya chupa tupu wastani wa maumivu ulikuwa 8. Miezi ya statini ulipanda hadi 16.3. Na miezi ya vidonge bandia? 15.4. Kwa hesabu hiyo, asilimia 90 ya shida ambazo watu hawa walikuwa wanazibebesha statini ziliwapata hata walipomeza kidonge kitupu.

Msomaji mwenye haraka atasema basi walikuwa wanajifanya. Hapana, na takwimu zenyewe zinakataa: alama zilipanda karibu maradufu mara tu walipoanza kumeza kitu, na baadhi waliacha chupa ya vidonge bandia kabla mwezi haujaisha kwa kushindwa kuvumilia. Waliumwa kweli. Kilichowaumiza ni tendo la kumeza kitu wanachokiogopa. Wanasayansi wanakiita kisa hiki nosebo: mtu akitarajia madhara, ubongo huanza kuyatafuta mwilini, na mwili wa mtu wa miaka 60 haukosi mahali panapouma. Mwisho wa mwaka kila mshiriki alioneshwa alama zake mwenyewe, mwezi kwa mwezi. Miezi sita baadaye nusu yao walikuwa wamerudi kwenye dawa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za utafiti ule, kwa sababu hakuna aliyehubiriwa.

Kuna jambo linaloifanya dawa hii ionewe kirahisi. Mgonjwa wa malaria anameza dawa, homa inashuka, anashukuru. Kolesteroli nyingi haiumi. Hujenga utando wa mafuta ndani ya kuta za mishipa kwa miaka mingi, kimya kimya, mpaka siku mshipa wa moyo au wa ubongo unapoziba. Kwa hiyo anayemeza statini hahisi faida yoyote. Faida yake ni kiharusi ambacho hakikutokea, na hakuna anayeweza kukiona. Anachoweza kuhisi ni ubaya tu, uwe wa dawa au wa uzee.

Ndiyo maana pia wengi huacha wakiona kipimo kimeshuka. Lakini kipimo kimeshuka kwa sababu dawa ipo. Sehemu kubwa ya kolesteroli haitoki kwenye sahani ya chipsi, inatengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini. Mwanasayansi wa Kijapani Akira Endo alilijua hilo alipochunguza maelfu ya aina za kuvu akitafuta kitu cha kuizuia kazi hiyo. Mwaka 1973 alikipata kwenye ukungu unaoitwa Penicillium citrinum, na statini zote zinatumia njia aliyoifungua: zinabana kimeng’enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli, nalo ini, likipungukiwa, huanza kuivuta ile iliyo kwenye damu. Ukiacha dawa, ini hurudi kwenye kazi yake ya zamani, na baada ya wiki chache kipimo kimepanda tena.

Je, statini haiumizi misuli kamwe? Inaumiza, ila mara chache kuliko inavyosemwa. Uchambuzi uliotoka mwaka 2022 kwenye jarida la Lancet, uliohusisha watu zaidi ya 120,000, ulikuta maumivu ya misuli kwa asilimia 27.1 ya waliomeza statini na asilimia 26.6 ya waliomeza vidonge bandia. Katika kila watu 15 waliolalamikia misuli huku wakitumia dawa, ni mmoja hivi ambaye dawa ndiyo ilihusika, na ziada hiyo ilionekana hasa mwaka wa kwanza.

Madhara makubwa yapo, na hayana mzaha. Mwaka 2001 statini moja, cerivastatin, iliondolewa sokoni baada ya watu kufa kwa kuharibika misuli na figo. Zilizobaki ni salama zaidi, lakini hatari huongezeka zikikutana na dawa nyingine. Simvastatin haichanganywi na dawa za kupunguza makali ya VVU zenye ritonavir, na anayeitumia hatakiwi kumeza antibiotiki ya clarithromycin bila kumwambia daktari. Hata balungi, kwa wanaolipenda, huongeza kiwango cha simvastatin kwenye damu. Maumivu makali ya misuli, udhaifu, na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa maumivu ya kawaida, daktari atasaidika zaidi akipewa habari kamili kuliko akiambiwa tu kwamba dawa ni mbaya. Yalianza lini, kabla au baada ya kidonge cha kwanza? Yapo miguu yote miwili? Maumivu ya statini kwa kawaida hushika pande zote mbili, kwenye misuli mikubwa ya mapaja, makalio na mashavu ya miguu. Goti moja la kulia lina uwezekano mkubwa wa kuwa na kesi yake yenyewe. Daktari anaweza kupima kimeng’enya cha misuli kwenye damu, kuisimamisha dawa kwa wiki chache, kisha kuirudisha kwa dozi ndogo au kubadili aina. Zote zikishindikana ipo ezetimibe, inayofanya kazi kwenye utumbo, si kwenye ini.