Mfupi wa Barafuni Aliyegeuka Kocha

Mpira wa magongo unaujua. Ni ule unaochezwa nyasini, wachezaji wameinama kama wanaopalilia mahindi. Basi hebu ondoa nyasi, uweke barafu ngumu. Vua viatu vya kawaida, uvae vile vyenye chuma chembamba chini, kikali kama kisu. Badala ya mpira, weka kisahani cheusi cha raba ngumu, chenye uzito wa gramu 170 hivi. Kila upande una wachezaji sita uwanjani pamoja na kipa. Hayo ndiyo magongo ya barafuni. Wala usidhani hayatuhusu ndewe wala sikio, kwani Nairobi kuna timu iitwayo Ice Lions, na mwaka wa 2024 Kenya ilipokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la mchezo huu.

Lakini kuna jambo moja ambalo ukilifanya nyasini utatolewa nje mara moja. Kule barafuni unaruhusiwa kumgonga kwa bega mpinzani aliye na kisahani, umbwage kwenye ukuta unaozunguka uwanja, na refa akatazama tu! Ndiyo sababu tangu zamani makocha wa huko wamependa mapande ya watu.

Sasa Martin St. Louis hakuwa pande la mtu. Alizaliwa tarehe 18 Juni 1975 huko Laval, karibu na Montreal, katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Huko husemwa Kifaransa, kwa hiyo jina lake hutamkwa kama San Lui. Kimo chake ni sentimita 173 hivi. Darasani mwetu wapo wanaomzidi, tena si wachache.

Alisoma Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, kuanzia 1993 hadi 1997, na huko alifunga mabao kochokocho. Kila mwaka timu za ligi kuu ya Amerika Kaskazini, iitwayo NHL, hukutana na kuchagua vijana kwa zamu, jina baada ya jina. Lake halikutajwa kamwe. Akaenda kucheza ligi ndogo mjini Cleveland. Mwaka wa 1998 timu ya Calgary Flames ikamchukua, lakini mwaka wa 2000 ikamwachilia aende zake. Miaka 25, hana timu! Wengi hapo wangetafuta kazi nyingine.

Waliompokea ni Tampa Bay Lightning wa Florida, mji wa joto na bahari ambako barafu ya asili haionekani. Katika msimu wa 2003-04 alipata pointi 94, akaongoza ligi nzima. (Katika mchezo huu mfungaji hupata pointi moja, na waliompa pasi, hadi wawili, nao hupata mojamoja.) Akatangazwa pia mchezaji bora wa mwaka. Kisha ikaja fainali ya Kombe la Stanley, na wapinzani wao ni nani? Calgary, wale wale waliomwachilia. Calgary walikuwa mbele kwa mechi tatu kwa mbili na walihitaji ushindi mmoja tu, tena wakiwa kwao nyumbani. Mechi ya sita ikaisha sare, muda wa kwanza wa nyongeza ukapita bila bao, na mwanzoni mwa ule wa pili St. Louis akafunga. Siku mbili baadaye Tampa wakashinda mechi ya saba na kombe wakalibeba. Mdharau mwiba, si ndiyo?

Mwaka wa 2013, akiwa na miaka 37, aliongoza ligi tena kwa pointi. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika umri mkubwa kama huo. Mwaka uliofuata alihamia New York Rangers, na katikati ya mchujo wa Mei 2014 mama yake akafariki ghafla. Alicheza kesho yake. Jumapili iliyofuata, Siku ya Akina Mama, alifunga bao. Alistaafu mwaka wa 2015 akiwa na mechi 1,134 na pointi 1,033.

Ukocha ndio hasa ulionifanya nishike kalamu. Wengi hufikiri kwamba aliyecheza vizuri atafundisha vizuri. La hasha. Wayne Gretzky, ambaye wengi humwita bora wa nyakati zote, aliifundisha Phoenix Coyotes misimu minne kuanzia 2005 hadi 2009, na timu haikufuzu mchujo hata mara moja. Nadhani shida ni hii: kipaji kikikujia kama pumzi, utamwelezaje mwenzako namna ya kupumua?

St. Louis alipostaafu hakukimbilia kazi kubwa. Alifundisha timu za watoto alimokuwa akicheza mwanawe, huko Connecticut. Kisha tarehe 9 Februari 2022 klabu ya Montreal Canadiens ikamwita. Hii ni klabu yenye Makombe ya Stanley 24, kuliko nyingine yoyote. Mwaka wa 2021 ilifika fainali, lakini msimu uliofuata ilikuwa imeshinda mechi 8 tu katika 45. Kocha akafutwa. Watu wakashangaa: ati kocha wa watoto ndiye apewe Montreal?

Tazama kilichompata Cole Caufield, fowadi kijana ambaye kimo chake hakipishani sana na cha kocha huyo. Kabla ya St. Louis kuja, alikuwa na bao 1 katika mechi 30. Baada ya hapo alifunga 22 katika mechi 37. Miguu ni ile ile, gongo ni lile lile.

Kilichobadilika ni mafundisho. Katika mchezo huu mchezaji hukaa barafuni kama sekunde 45 tu, kisha hutoka na mwingine kuruka ndani mchezo ukiendelea. Kocha hana nafasi ya kupiga kelele za maagizo, na ukimkariri­sha mtu kama kasuku, mpinzani akibadili jambo dogo amepotea. St. Louis hufundisha kanuni za kusoma mchezo: nafasi iko wapi, nani amechelewa, mwenzako anahitaji nini. Kwangu mimi hii ni elimu ya mtu mfupi. Yeye mwenyewe asingeweza kusukumana na majitu, kwa hiyo ilimbidi afike kabla yao, na kufika kabla ni kazi ya kichwa. Jambo alilojifunza kwa kulifikiria, aliweza kulieleza.

Haikuwa miujiza. Msimu ule Montreal walimaliza mkiani, na miwili iliyofuata hawakufuzu mchujo. Walinzi wake walivuja mabao mengi, na lawama hizo zilikuwa za haki. Mwaka wa 2025 hatimaye walifuzu kwa pointi 91, wakatolewa na Washington mechi nne kwa moja. Katika kikosi hicho alikuwamo beki mmoja, Lane Hutson, ambaye katika uchaguzi wa 2022 timu zilitaja majina 61 kabla ya lake, huku kimo chake kikitiliwa shaka. Alimaliza msimu na pointi 66, akatuzwa kuwa mchezaji mpya bora wa ligi.