Prosesa inachemka? Pima kasha kabla ya kununua feni

Uko katikati ya kuhariri video, mteja anaisubiri saa kumi. Ghafla kompyuta inakuwa nzito, feni inanguruma kama matatu inayopanda mlima. Mara, giza. Imejizima.

Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hupunguza kasi zenyewe zisiungue. Joto likizidi, mashine inazima.

Usikimbilie Luthuli Avenue bado. Chomoa waya, fungua kasha, toa vumbi, pangusa pesti kuukuu ya joto na upake mpya. Mara nyingi shida iko hapo tu.

Bado moto? Sasa tafuta kipozaji, lakini angalia mambo matatu. Soketi: cha LGA1200 hakikai kwenye LGA1700 bila vishikizo vyake, matundu hayalingani. Wati: Core i5-12400 imeandikwa 65, lakini ikibanwa na kazi inaweza kufika 117. Urefu: vipozaji vingi vya mnara vina milimita 155 hivi, na kasha lako jembamba la mtumba halitafunga.

Kwa prosesa kama hiyo, mnara wa feni moja unatosha. Cha maji ni cha nini? Chenji itakayobaki, ongeza RAM.