Hesi Safi: Amana Iliyo Mikononi mwa Fundi

Mara nyingi kitu kidogo ndicho kishikacho kikubwa. Katika Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, wakati wa mavuno ya alizeti, mikokoteni ya ng'ombe na punda hupita njiani imejaa magunia, ikielekea nyumbani au kwenye mashine za kukamua mafuta. Mpita njia huutazama mzigo, akawatazama na wanyama. Ni wachache wanaotazama chini, pale ekseli inapofungwa kwenye fremu kwa vyuma vilivyokunjwa mfano wa herufi U, kila ncha na nati yake. Hapo ndipo ulipo usalama wa mzigo, na wa mtoto aliyeketi juu ya magunia.

Chuma hicho hakifungi kwa unene wake peke yake. Hufunga kwa hesi, yaani ule mfuo mwembamba unaoizunguka ncha yake na kupokea nati. Hesi ikiwa imechanika, nati huonekana imekaza, kumbe imeshika kidogo tu. Mkokoteni ukishuka korongoni na kutikisika, nati huteleza, ekseli ikahama mahali pake. Hapo kazi ambayo fundi aliifanya kwa muda mfupi yaweza kumpotezea mkulima jasho la mwaka mzima, au kumletea hasara isiyolipika kwa fedha.

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu, hasa vijana wanaojifunza ufundi, namna ya kukata hesi safi kwa mkono. Kazi hii haitaki umeme wala mashine kubwa. Yataka jiliwa, msumeno wa chuma, tupa, mafuta, na dai pamoja na mpini wake. Dai ni kipande cha chuma kigumu chenye tundu katikati, na ndani ya tundu mna meno yanayokata.

Jambo la kwanza ni kuchagua chuma. Nondo yenye mbavu, ile ya kujengea, haifai kukatwa hesi kama ilivyo, kwani unene wake hauko sawa pande zote. Itafutwe nondo laini ya duara, iliyonyooka, isiyo na kutu. Kwa hesi ya milimita 12, chuma kikiwa pungufu kidogo ya 12 ni bora kuliko kikizidi, maana kikizidi dai hulazimika kung'oa chuma badala ya kukikata. Na kama ni chuma cha kukunjwa, hesi hukatwa kingali kimenyooka, kisha ndipo kikakunjwa.

Jambo la pili ni kutayarisha ncha, na hapa ndipo vijana wengi wanapokosea kwa haraka. Ncha ikatwe sawa, kisha ichongwe kwa tupa kuzunguka pande zote, iwe na mteremko, hata mdomo wake uwe mwembamba kuingia katika dai bila kusukumwa kwa nguvu. Chuma kifungwe wima katika jiliwa, kikiwa kimewekewa vipande vya shaba au vya bati laini kila upande, kisije kikaumwa na meno ya jiliwa.

Jambo la tatu ni kuanza. Dai huwa na upande ambao meno yake yamefunguka zaidi. Upande huo ndio utangulie. Fundi aweke mikono yote miwili kwenye mpini, akandamize sawasawa, azungushe polepole. Akiisha kuzungusha mara mbili asimame, atazame kwa kipimo cha pembe mraba kutoka pande mbili. Dai ikiwa imelala upande, hesi yote itakwenda upande, na hakuna nguvu itakayoinyosha baadaye.

Baada ya hapo hapana haja ya kukandamiza tena, kwani dai hujivuta yenyewe. Fundi atie mafuta, azungushe mbele nusu ya mzunguko, kisha arudi nyuma robo, mpaka asikie chenga za chuma zikikatika. Kurudi huko ndiko siri ya kazi. Asiyerudi nyuma huzijaza chenga ndani ya meno, nazo huchana hesi aliyokwisha kuikata. Wakazi wa Ikungi hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mafuta: hata ya alizeti hufaa kwa kazi ya mkono, ila chuma kisafishwe baadaye, kwa kuwa mafuta hayo yakikaa hunata. Chenga ziondolewe kwa brashi, kamwe si kwa kidole, kwani zina makali kama wembe.

Tena fundi hana budi kuijua hesi anayoikata. Mwaka 1841, Joseph Whitworth, mhandisi Mwingereza, alipendekeza kipimo kimoja cha hesi, kwa sababu kila karakana ilikuwa na hesi zake, na nati ya huku haikuingia kule. Hesi yake ina pembe ya nyuzi 55, na bolti ya nusu inchi ina meno 12 katika kila inchi. Hesi ya milimita itumikayo leo ina pembe ya nyuzi 60, na ile ya kawaida ya milimita 12 husogea milimita 1.75 kila nati inapozunguka mara moja. Kwa macho hizi mbili hufanana. Lakini mashine kuukuu huenda ikawa na hesi ya inchi, na anayeilazimishia nati ya milimita huharibu zote mbili.

Wasomaji wetu wanajua habari za Nabii Daud, amani iwe juu yake, aliyelainishiwa chuma, akaamrishwa kutengeneza deraya na kupima vema pete zake. Twaona kwamba pamoja na chuma palitajwa kipimo, kwani pete moja mbovu humfisha aliyeitegemea deraya nzima. Nati ya mkokoteni nayo ni hivyo hivyo. Mwenye mkokoteni haoni yaliyo ndani ya nati; ameyaacha kwa fundi, nayo ni amana.

Kwa hiyo, kijana, kabla hujapokea ujira jaribu kazi yako. Safisha hesi, weka nati mpya, uizungushe kwa vidole. Ikienda laini mpaka mwisho bila kukwama wala kuchezacheza, mkabidhi mwenyewe chuma chake. Ikichezacheza, au ukaona meno yamechanika, usiifiche kwa kuikaza kwa spana. Kata chuma kingine uanze upya. Utakuwa umepoteza kipande cha nondo na saa moja ya kazi, lakini mkokoteni utafika, na aliyeketi juu ya magunia atashuka salama mlangoni kwao.