KANISA, UMMA NA DEMOKRASIA: FUNZO LA UNYANYEMBE

Kada wetu huuliza mara kwa mara: Je, Kanisa ni rafiki au ni adui wa demokrasia? Swali hili halijibiwi kwa mafundisho ya dini peke yake. Hatuna budi kuitazama historia, na kuona Kanisa lilisimama upande wa nani na wakati gani.

Tuanze na Itetemia, makao ya watemi wa Unyanyembe. Wamisionari wa Kikatoliki walipofika huko mwishoni mwa miaka ya 1870, njia ya misafara ilikuwa ikipitisha pembe za ndovu na watumwa. Baadhi ya watumwa walikombolewa na misheni. Lakini Wajerumani walipolivunja boma la Mtemi Isike, Januari 1893, misheni iliendelea na kazi yake chini ya dola ya kikoloni. Hapo ndipo penye mgongano: mnyonge alifundishwa kwamba yeye ni mtu sawa na wengine, na papo hapo akafundishwa kumtii mtawala asiyemchagua.

Fundisho la kwanza halikufungika darasani. Mwalimu Nyerere alifundisha Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, kuanzia 1946 hadi 1949, huku akishiriki katika TAA. Mwaka 1955, akiwa Pugu, alitakiwa achague ualimu au siasa. Alichagua siasa, wala hakuiacha imani yake. Januari 1958, TANU ilikutana Tabora, ikaamua kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. Wakristo na Waislamu waliamua pamoja kama wanachama, si kama waumini.

Tunajifunza nini? Kwanza, Kanisa lisiloshiriki mapambano dhidi ya umaskini na dhuluma hupoteza maana yake kwa wanyonge. Mwalimu aliwaeleza hivyo masista wa Maryknoll, New York, mwaka 1970. Pili, Katiba yetu ya 1977 inaiacha imani kuwa hiari ya mtu, na haikubali chama cha siasa cha kidini. Kwa hiyo mimbari isigeuzwe jukwaa la kampeni.

Tatu, na hili ni letu: Chama nacho kisidai kuabudiwa. Maaskofu wakitoa waraka juu ya haki au uchaguzi, kada aupime: yasemwayo ni kweli? Umma unayaonaje? Anayejibu hoja kwa kumwita msemaji adui anarudia kosa la mkoloni, yaani kutaka utii mahali panapohitaji ridhaa.