Trei za Mayai Hazizuii Besi

Swali hili naomba liishie leo: "Mwalimu, nina studio ya chumba kimoja hapa Mnarani. Nibandike trei ngapi za mayai ukutani?" Hata ubandike elfu moja, jirani hatalala. Siku hizi wanaouliza wamepata na hoja mpya: wamesikia kuna maabara zinazotawala sauti kwa maumbo matupu, basi trei nayo ni metamateria ya mwananchi. Si kweli.

Metamateria hizo za maabara, zinazoitwa za kitopolojia, hazitokani na mashimo ya kubahatisha. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nanjing, China, walipanga fito za chuma cha pua hewani, unene wake na nafasi kati yake vikipimwa kulingana na urefu wa wimbi. Wengine huchapa maumbo ya plastiki ngumu kwa printa ya 3D, kisha husogeza maikrofoni ndogo hatua kwa hatua kuona sauti inapita wapi. Wanachotafuta ni sauti ifuate ukingo wa mpangilio na kukata kona bila kurudi nyuma. Tena kwa masafa finyu tu. Mpangilio huo ni barabara ya sauti. Ukuta wa studio ni kitu kingine.

Sasa turudi kwenye trei. Katika joto letu la pwani sauti huenda takriban mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo besi ya hezi 50 ina wimbi la mita 7. Shimo la trei ni sentimita chache. Wimbi hilo hulipita kama bamvua linavyopita juu ya tundu la kaa. "Lakini nikipiga kofi, mwangwi umepungua!" Umepungua kidogo, ndiyo, kwa sauti nyembamba, na wewe uliye ndani ndiye unayefaidi. Kupunguza mwangwi ndani na kuzuia sauti isitoke nje ni kazi mbili. Ya pili hufanywa na uzito: ukizidisha uzito wa ukuta mara mbili, unapata takriban desibeli 6 za ziada. Trei ni karatasi. Kuta za mawe na chokaa za msikiti wa kale kwenye magofu ya hapa Mnarani zinaishinda kwa mbali. Isitoshe, karatasi kavu karibu na nyaya za umeme ni kuni.

Haya, upesi. Ziba nyufa zote, hasa chini ya mlango. Piga lipu pande zote mbili za ukuta. Weka mlango wa pili, mzito. Paa la makuti halizuii kitu: jenga dari nzito au hama. Kwa mwangwi, tundika godoro la sufi. Punguza besi: kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinataka kelele isizidi desibeli 35 usiku kwenye makazi.

Trei mrudishie muuza mayai. Kazi yake ni kuzuia mayai yasigongane, na hiyo inaiweza.