Simu inajizima na kuwaka yenyewe? Tafuta ushahidi kabla ya kuflashi

Uko Mwakitolyo, Shinyanga, mnunuzi wa dhahabu anakurushia hela kwenye simu. Ghafla skrini inakuwa nyeusi, nembo inatokea, simu inaanza kuwaka upya. Ikijirudia mara tatu unaenda kwa fundi, naye anakwambia iflashiwe.

Subiri kwanza. Kuflashi kunaweza kufuta picha, namba na meseji zako, na kunafuta pia ushahidi wa kilichotokea.

Ni app au ni keneli?

App moja ikijifunga na simu ikaendelea kufanya kazi, tatizo liko kwenye app hiyo. Simu nzima ikizima na kuwaka upya, huenda ni keneli, yaani kiini cha mfumo kinachogawa kumbukumbu na kusimamia kamera, chaji na mtandao. Simu za Android zinatumia keneli ya Linux. Ikikutana na kosa isiloweza kulivuka, inasimamisha kila kitu.

Shida ni kwamba keneli ndiyo inayoandika kumbukumbu za mfumo. Ikianguka, mwandishi kaondoka. Ni kama duara likititia: daftari lililokuwa shimoni limefukiwa, linalosaidia ni lile lililobaki juu.

Kwa hiyo mafundi wanaochagua zana ya kuchunguza wajiulize hivi: mfumo ukishakufa, ushahidi unabaki wapi?

Zana nne, kazi tofauti

*ramoops:* Inatenga kipande kidogo cha RAM na kuhifadhi humo maneno ya mwisho ya keneli. Simu ikijiwasha upya yanasomeka. Umeme ukikatika kabisa, yanapotea.

*kdump:* Hii ni ya kompyuta na seva. Keneli ya pili ya akiba inaamka ya kwanza inapoanguka, inaokoa picha ya kumbukumbu nzima. Lazima itengewe RAM mapema.

*ftrace:* Imo ndani ya Linux tangu 2008. Inaonyesha hatua kwa hatua keneli ilikuwa inafanya nini. Ila rekodi zake zinakaa kwenye RAM, hivyo washa mapema mpangilio wa ftrace_dump_on_oops ili zimwagwe kosa linapotokea.

*bpftrace:* Nzuri kwa mfumo ulio hai ila mzito. Kwa mfumo unaokufa ghafla, si chaguo la kwanza.

Anza na ramoops au kdump ujue mfumo ulianguka wapi. Ukitaka kujua nini kiliufikisha hapo, washa ftrace na usubiri kosa lijirudie.

Wewe mwenye simu ufanyeje?

Zana hizi nyingi zinahitaji ruhusa za ndani ambazo simu ya kawaida haitoi. Ila hili unaliweza:

1. Ikijiwasha upya, usichomoe betri.
2. Fungua Settings, kisha About phone, gusa Build number mara 7.
3. Rudi Settings, tafuta Developer options, chagua Bug report.

Simu itatengeneza faili la ripoti. Kwenye baadhi ya simu, maneno ya mwisho ya keneli yanakuwa humo. Fanya hivyo mapema, kabla simu haijazimwa tena.

Angalizo: ripoti hiyo ina taarifa zako binafsi. Mpe fundi unayemwamini au kampuni iliyotengeneza simu, usiitupie kwenye grupu la WhatsApp.

Na kama ripoti haina dalili yoyote ya keneli kuanguka? Kagua kwanza betri, chaji na joto. Betri iliyochoka haiponi kwa kuflashiwa. Utalipa hela, utapoteza picha, na kesho simu itazima tena.

Kwa hiyo fundi akisema anaflashi, muulize kwanza: ripoti inasemaje?